Vijiko Vyangu vya Uji

Nilikana mpaka nikaapa, lakini mimi ndiye niliyemlisha mjukuu wangu uji kabla hajatimiza miezi miwili. Mimi huyuhuyu, mwenye shahada, niliyewahi kuandika makala ya kuwasuta bibi wa namna hiyo.

Mtoto alikuwa akilia sana jioni, hapa kwetu Mitwero, nami nikajiaminisha kwamba maziwa ya binti yangu Salma ni mepesi. Kila Salma alipoingia kuoga, nilimnywesha mtoto vijiko kadhaa vya uji, naye akalala fofofo.

"Mama, una mkono wa baraka," Salma alinisifu. Nikavimba kichwa.

Kisha mtoto akaanza kukataa titi. Matiti ya Salma yakajaa, yakawa magumu, hata kanga ikimgusa anaruka.

"Mwanangu hanitaki," alilia. "Mama, hujampa kitu?"

"Astaghfirullah! Nimpe nini?"

Juzi alimpeleka kliniki. Simu yake ilinikuta jikoni, nakoroga uji mwingine.

"Mama, mjukuu wako ametapika mbele ya nesi. Hebu nieleze, titi langu limeanza lini kutoa uji?"