Siku Amit Aliponiuliza kwa Kiklingoni Kama Anaweza Kwenda

Jamani, kuna siku nilimjibu mtu "ndiyo" kwa Kiklingoni, na dakika tano baadaye akawa hayupo.

Msicheke kwanza.

Ilikuwa mwaka 1993. Biashara Kariakoo imeshafunguka, bidhaa zimerudi madukani, mitumba inaingia kwa marobota. Mimi Paskalina, binti wa Masasi, nilikuwa nauza vitambaa dukani kwa Mzee Tulsidas. Yeye na mwanawe Amit, mwanaume wa miaka ishirini na sita, waliishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo.

Mama Jashoda, mke wa mzee na mama yake Amit, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Tangu siku ile Amit hakukanyaga barabara. Anashuka ngazi, anakaa nyuma ya kaunta, basi. Mlangoni hafiki.

Kiswahili akaacha. Kigujarati akaacha.

Akabaki na Kiklingoni, lugha ambayo Wamarekani waliitunga kwa ajili ya mashujaa wa kubuni wa sayari nyingine kwenye filamu. Alijifunzia kwenye kitabu kilichokutwa ndani ya robota la mitumba pale Mchikichini. Watu wakasema karukwa na akili. Mimi nikajifunza maneno mawili matatu, angalau awe na wa kuongea naye.

Asubuhi hiyo wateja walijaa kinoma. Napima kitambaa, Amit akanishika kiwiko.

"jIjaHlaH'a'?"

Nikaelewa "naweza kwenda?" Nikajua anaomba ruhusa aende chooni. Nikajibu bila hata kumtazama, "HIja'." Ndiyo.

Kuja kugeuka, kiti kitupu. Ndala zake ziko palepale chini.

Mzee Tulsidas alipanda juu, akashuka mbio. "Mwanangu yuko wapi?"

"Tajiri, aliniuliza kama anaweza kwenda..."

"Kwenda wapi?"

"Nilidhani chooni, tajiri."

Tukafunga duka, tukaanza kuulizia mtaa kwa mtaa. Melkiori, msukuma mkokoteni, ndiye aliyetupa habari.

"Yule Mhindi wa dukani kwenu? Nimempita Magomeni. Yuko peku, analia, anatembea tu."

Mzee akakaa palepale kwenye vumbi.

"Najua anakokwenda," akasema.

Tulimkuta mahali Wahindu wanapochomea maiti zao, ndiko alikochomwa mama yake. Kakaa sakafuni, nyayo zimechubuka, zinatoka damu.

"Dada Paskalina." Alisema kwa Kiswahili! Miezi minane sijaisikia sauti yake kwa Kiswahili. "Mimi sikukuomba ruhusa."

"Ila nini, kaka?"

"Kiklingoni kuomba ruhusa kuna neno lake. Nililokuuliza ni kama nina uwezo. Kama miguu itanifikisha kwa mama. Ukasema ndiyo."

Kisha akamgeukia baba yake.

"Siku ya mazishi magoti yaliniishia nguvu ngazini. Ukaniambia, kaa, huwezi. Baada ya hapo kila nikikuuliza naweza kutoka, unasema huwezi. Nikaamini."

Mzee akashika kichwa. "Nilikuwa nakukataza tu, mwanangu! Niliogopa kukupoteza na wewe."

Kumbe kwetu "huwezi" ya kukataza na "huwezi" ya kukosa uwezo ni neno hilohilo moja. Baba anakataza, mtoto anasikia kwamba yeye ni kilema.

Mnadhani mambo yaliisha vizuri?

Amit akaanza kutoka kila siku. Safari nyingine harudi mpaka jua linazama, na mzee hali chakula, yuko mlangoni anachungulia barabara. Wiki ya tatu akaniita.

"Nani alikupa ruhusa ya kumpa mwanangu ruhusa?"

Nikaanza kumweleza upya kwamba haikuwa ruhusa. Macho yake yakaniambia anajua vizuri sana, ila lazima mtu mmoja abebe lawama, na huyo mtu hatakuwa yeye.

Nikafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa na mimi nina watoto, na woga ninao kama mzazi yeyote. Nikitaka kuwazuia, nawaambia "sitaki" au "naogopa", basi. "Huwezi" siitamki. Kuna watu wakiambiwa hivyo, wanakaa.