Aliyeshona Bawa Ndiye Apande

Fundi aliyeshona mabawa ya ndege ya Mzee Rubani alikuwa hajawahi kuipanda. Yeye fundi aliiita ndege ya ghorofa: bawa juu ya bawa, mbao na kitambaa, viti viwili vya wazi, abiria mbele, rubani nyuma. Kazi yake ilikuwa kupitisha sindano ndefu toka juu ya bawa hadi chini, kukaza fundo, kisha kupaka dawa inayonuka kama rangi ya kucha.

Mzee alikuwa na sharti alilotoka nalo vitani, alikorusha ndege kama hiyo akiwa kijana mbichi: aliyeshona bawa ndiye apande kwanza. Fundi anayejua atapanda hashoni ovyo. Miaka yote mama huyu alipiga chenga, leo kichwa, kesho mgeni. Safari hii alikubali, kwa sababu binti wa Mzee alikuwa amemshika mkono kwenye banda la ndege.

“Dada, mwambie baba aache kurusha. Macho yamekwisha. Juzi kasalimia koti mlangoni, akaliuliza watoto hawajambo. Mimi nikisema, ataona naitamani ndege yake.”

Maana binti naye alikuwa rubani, na ndege ile alikuwa hajawahi kuigusa usukani.

Fundi alikusudia kusema kabla ya kupaa. Mzee akamwahi.

“Huko juu hatusikizani, mwanangu. Ukiona kitu mbele, nyoosha mkono. Kushoto, kulia, juu.”

Basi wakapaa. Nyasi ziliteleza chini yao, na ghafla hapakuwa na kitu cha kuogopa. Mabati ya mji yalimeremeta kama vifungo vilivyomwagika. Wingu lilipita karibu, likamlowesha uso, likaenda zake. Aliona nyuzi zake zikitetemeka kwenye bawa, fundo baada ya fundo, zimeubeba upepo wote ule, akajikuta anaimba na sauti yake haisikii. Alimpenda Mzee wakati ule. Alitamani wasishuke.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Uwanja ulipojitokeza, lori la mafuta lilikuwa limesimama katikati ya nyasi, jekundu, kubwa kama nyumba. Ndege ikazidi kulielekea taratibu, bila wasiwasi wowote. Fundi akanyoosha mkono juu, akaupunga kama kichaa. Injini ikanguruma, lori likapita chini ya miguu yao. Walizunguka, wakarudi, wakatua kando ya lori kwa kiganja chake: kushoto kidogo, kulia, hapohapo.

Injini ikanyamaza.

“Ulijua huoni,” fundi alisema bila kugeuka.

“Vya mbali, sivioni. Nilitaka mara moja tu zaidi. Nawe nakuamini.”

“Hukuniuliza, Mzee! Nina watoto!”

Fundi aliwaka hasira, na huku machozi yanamtoka kwa uzuri aliouona.

“Ungekataa,” Mzee alisema.

“Ningekataa, ndiyo.”

Binti alikuwa akija mbio, mkono kifuani, lori amelipita bila kulitazama.

“Haya, mwambie mwenyewe,” fundi alisema.

Mzee aliinamisha kichwa kuelekea sauti ya miguu.

“Mwanangu, sioni. Nusura nimuue huyu mama. Kuanzia leo irushe wewe.”

Binti hakuitupia ndege jicho. Alipanda kwenye bawa la chini, akamshika baba yake kwapani, na yule mzee ambaye hakuwahi kukubali kushushwa na mtu akamwegemea kwa uzito wake wote.