Chuma cha Baridi Nyumbani kwa Aune

Mume wangu Sulo ni fundi umeme mstaafu, na sifa anajipa mwenyewe, hangoji mtu. Nusu ya nyumba za kijiji chetu hapa Kainuu, kaskazini kwenye theluji, zinawaka taa kwa mikono yake, na kila tukipita barabarani lazima anionyeshe, kana kwamba mimi ni mgeni. Basi dada yake Aune alipofiwa na mumewe, Antero, Sulo akasema boila ya kupasha joto nyumba ya pale ni kazi yake, asiitwe mtu.

Ni boila ya kuni, iko chumba cha chini. Pampu inasukuma maji ya moto mpaka kwenye vyuma vya joto chini ya madirisha. Aune nyonga yake mbovu, hawezi kushuka ngazi kila mara kutia kuni, na nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Sulo akamfungia hita ya umeme ndani ya boila: maji yakipoa iwake yenyewe, kuni zikipasha izime. Akaijaribu boila ikiwa bado baridi. Hita ikawaka, pampu ikazunguka.

"Umeona? Fundi hazeeki," akaniambia.

"Mdomo ndio hauzeeki," nikamjibu.

Aune naye akafanya kama wafanyavyo wote huku wakipata wageni. Alijikongoja chini, akaijaza boila kuni kavu mpaka kooni, maana moto mdogo ni aibu ya nyumba. Tukakaa jikoni na kahawa. Nikaegemea chuma cha joto, nikakikuta baridi. Moto unanguruma chini ya miguu yetu, na chuma baridi!

"Wifi, mbona hiki hakina joto?"

"Wifi yangu Taimi, wewe tangu uolewe unalia baridi tu," Aune akanicheka.

Sulo hakucheka. Alishuka mbio, nikamfuata. Kipimo kilisoma nyuzi tisini na sita, maji karibu kuchemka, mabomba yakigonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Akafunga tundu la kuingizia hewa motoni, akazitazama waya zake, uso ukamsawajika. Pampu alikuwa ameiunga kwenye swichi ileile ya hita. Maji yalipopata moto, swichi ikazima vyote viwili, na maji yakabaki kupikwa ndani ya boila bila kuzunguka.

"Si kuna vali ya usalama ya kutoa mvuke?" nikauliza.

Akamulika tochi. Mdomo wa vali ulikuwa umezibwa kwa kijiti kilichochongwa vizuri. Nikamkumbuka marehemu Antero, alivyokuwa akilalamika vali inamdondoshea maji sakafuni. Kukichomoa sasa ni kuoga mvuke usoni.

"Mtoe dada, hii inaweza kupasuka," Sulo akasema.

"Na wewe?"

"Taimi, nenda."

Nilimburuta Aune mpaka langoni, na viatu vyake vya ndani. Nikamlaani Antero kaburini kwake, nikamlaani Sulo na majigambo yake, kisha nikamwomba Mungu anirudishie huyohuyo na majigambo yake yote.

Mlango ukafunguka. Sulo akatoka. Alikuwa ameitoa pampu kwenye swichi na kuichomeka moja kwa moja ukutani. Maji yanazunguka, kipimo kinashuka. Akatueleza habari ya kijiti.

"Kina muda gani?" Aune akauliza.

"Kimegandana na kutu ya vali, dada. Miaka."

"Krismasi wajukuu wangu wote sita walilala chumba kilicho juu ya boila hiyo," Aune akasema. Tukamshika mikono, mimi huku, Sulo kule. Baridi ilikuwa inatukata masikio, na hakuna kati yetu aliyetaka kutangulia kuingia ndani.