Samaki wa Mgeni wa Nairobi

Aibu nimezionja nyingi, lakini ile ya Otonglo nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu hufunika uso kwa shati, na nawaambia nyinyi mapema kwa sababu najua kwingine mtaisikia ikiwa imeongezwa chumvi.

Asubuhi hiyo nilitoka mtaani kwetu Manyatta kwenda kutafuta kibarua cha ulinzi (shule niliiacha mapema na tangu hapo sijatulia mahali), nimevaa koti la mtumba na viatu vya kuazima vilivyonibana hadi machozi. Pale sokoni Otonglo nikaona hema, na chini yake kiti kimoja kimetandikwa kitambaa cheupe, na mimi na udadisi wangu nikasema nikae kidogo, nipumzishe miguu, nijue kama ni harusi au matanga.

Sijakaa vizuri, Mama Akinyi, mwenyekiti wa wauza samaki, akaniletea maji ya kunawa. Nyuma yake ikaja sinia ya ugali na ngege mzima, samaki mkubwa kama kiatu cha polisi. Mnajua kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Basi hawakuuliza, na mimi, mwenye njaa ya tangu jana, sikuona haja ya kuwasumbua na maelezo.

Nilipofika kwenye kichwa ndipo nikauliza, "Mama, kwani leo kuna nini?"

"Si nyinyi ndio mtatuambia. Nyinyi watu wa ofisi kuu ya Nairobi."

"Na hiyo ofisi kazi yake ni gani?"

Wakacheka wote. "Mzee anatupima," akasema Mama Akinyi, kisha akajibu kama mtoto mbele ya mwalimu. "Ni ofisi iko nyuma ya serikali. Wizara zikikosa kusikizana, nyinyi ndio mnaziweka pamoja." Akaonyesha mfereji mpya wa kuchotea maji pembeni mwa soko, mkavu, umefungwa kufuli. "Kama hii yetu. Wizara moja ilileta bomba, ingine tangi, sasa kila moja inasema kufungua ni kazi ya mwenzake. Na sisi tunaosha samaki na maji ya kubeba kutoka kule bondeni."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini mtu ameshika mifupa ya samaki wao mkononi, ukweli unapitia wapi? Nikapangusa mdomo, nikasimama, nikawaambia Ijumaa watakuwa na maji.

Vigelegele havijaisha, gari likasimama. Akashuka dada mmoja mpole mwenye miwani, akajitambulisha: yeye ndiye wa ofisi kuu. Macho yote yakaja kwangu, yakaenda kwenye sinia, yakarudi kwangu.

"Na huyu ni nani?" dada akauliza.

"Huyu," akasema Mama Akinyi polepole, "ndiye amekula samaki yako."

Mngedhani nilipigwa. Ilikuwa mbaya zaidi. Dada akaeleza kwamba ofisi yao haina ufunguo wa mfereji wowote. Wao huwaita wenye funguo, wanawakalisha meza moja hadi ijulikane nani anafungua, na hiyo huchukua muda. Ukweli mtupu, na hakuna aliyeutaka. Mama mmoja kule nyuma akanung'unika, "Afadhali yule wa kwanza. Yeye alisema Ijumaa." Wengine wakaitikia, wakaanza kukusanya mabeseni yao waondoke, na mkutano na ofisi kuu waliousubiri kwa miezi ukawa unavunjika kwa ajili yangu.

Ikabidi nisimame tena, mafuta ya samaki kidevuni, niseme mbele ya soko zima kwamba mimi si wa ofisi yoyote, nilikuja kutafuta kazi ya ulinzi, na hata viatu si vyangu. Watu wa boda boda walicheka hadi wakalalia pikipiki. Lakini mabeseni yalirudi chini, na dada akasikilizwa.

Mama Akinyi peke yake hakucheka. "Omera, ndugu yangu, wewe ulisema Ijumaa tutakuwa na maji?"

"Nilisema, mama."

"Basi tutakuwa nayo." Akanisukumia mitungi yao ya kubebea maji ya bondeni.

Kuanzia Ijumaa hiyo hadi wizara ziliposikizana, maji ya Otonglo yalikuwa mimi. Na wizara, ndugu zangu, hazina haraka. Siku kufuli ilipotolewa nilipiga vigelegele kuliko akina mama wote.

Siku hizi nikiona kiti kina kitambaa nakaa chini kwenye nyasi, na nikiletewa maji ya kunawa, kwanza nauliza samaki ni wa nani.