Niliwaambia Tuko Salama, na Mke wa Mwanangu Alikuwa Anaganda

Ndugu wasimamizi wa ukurasa huu, nawasalimu kwa heshima. Naomba mlifiche jina langu, na mniwie radhi ikiwa maneno yangu yatawachosha. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, mgane, Mrundi niliyesomeshwa na wamisionari na kuishi miaka mingi kambini Kigoma. Sasa naishi Okolona, hapa Louisville, nyumbani kwa mwanangu wa pekee. Yeye na mkewe hufanya kazi ghalani. Mwanangu hupakia mizigo, mkewe hufunga vifurushi.

Msimu huu wa baridi tulipata habari kwamba shemeji yangu, dada wa marehemu mke wangu, amefariki huko Buffalo. Mwanangu alinyimwa ruhusa kazini, hivyo mkamwana wangu ndiye aliyeendesha gari. Tulilala Gahanna, pembeni ya Columbus, kwa Mkongo mmoja tuliyewahi kusali naye. Asubuhi alitazama mawingu, akatusihi: “Papa, mubakie kwanza. Baridi ya kule si mchezo. Na marehemu, bon, yeye haendi popote.” Mkamwana alicheka. Mimi nilimjibu kwamba si adabu kuchelewa mazishini, tukaondoka.

Tulikuwa tumeikaribia Buffalo gari lilipozimika katikati ya barabara kuu. Mkamwana aliliongoza pembeni kwa kasi iliyobaki, akashuka kufungua boneti na kusimamisha alama ya hatari nyuma yetu. Theluji ilikuwa ikivuma kutoka ziwani kwa upande, nikawa simwoni ingawa alikuwa mbele ya kioo. Aliporudi glovu zake zilikuwa zimelowa. Joto la gari lilikuwa limekwisha kufa. Alivua koti lake akanifunika miguu; nilipokataa, alisema, “Baba, tulia. Tukifika huko watatuyeyusha kwanza ndipo watusalimie.”

Mwanangu hulipia huduma ya kampuni moja inayovuta magari yaliyoharibika. Mkamwana alipiga simu yao, akaomba mtu wa Kiswahili, kisha akanipa simu kwa mikono miwili. Kwetu mke wa mwana hashiki mazungumzo na watu wa nje ilhali baba mkwe yupo. Nami, nikiri, niliipokea kwa furaha, kwa kuwa ni nadra siku hizi kuombwa nizungumze kwa niaba ya mtu yeyote.

“Shikamoo mzee wangu,” alisema mkalimani, binti mwenye sauti ya upole.

“Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Wazazi hawajambo?”

“Hatujambo, mzee. Mhudumu anauliza, je, mko salama? Kuna mtu aliye katika hali mbaya?”

“Tuko salama kabisa, tunamshukuru Mungu.”

“Joto lipo ndani ya gari?”

“Lipo la kutosha, mwanangu. Msijisumbue. Wahudumieni kwanza wenye shida kubwa.”

“Mzee, una uhakika? Nimwambie hivyo hivyo?”

“Mwambie hivyo hivyo, na umshukuru kwa niaba yangu.”

Ndugu zangu, sikukusudia kudanganya. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba mtu akikuuliza hali, humwagi mizigo yako miguuni pake kabla hamjafahamiana. Nilidhani tungesalimiana kwanza, kisha angeuliza shida yetu hasa. Simu ikakatwa. Tuliwekwa nyuma ya watu wote waliokuwa wakisubiri msaada.

Mkamwana alisikia kila neno. Hakunikatiza. Alijikunyata nyuma ya usukani, mikono kwapani, na kila nilipomuuliza alijibu, “Niko sawa, baba.” Kisha akaacha kutetemeka, nami nikafurahi, nikidhani amepata joto. Kisha akaacha kujibu. Dereva wa gari la kuondoa theluji ndiye aliyetugongea kioo.

Vidole vya mkono wa kulia wa mkamwana vimekuwa vyeusi. Daktari anasema tusubiri, vitaonyesha vyenyewe ni wapi pa kukata.

Mwanangu amelalamika kwa wakubwa wa kampuni ile ya kuvuta magari, nao wakamjibu kwamba waliambiwa tuko salama na joto lipo. Anaamini mkalimani alitafsiri uongo. “Baba yangu hawezi kusema kuna joto huku anaganda,” aliwaambia. “Si mwendawazimu.” Juzi walimjulisha kwamba yule binti amesimamishwa kazi. Mwanangu alipiga meza kwa kiganja. “Na akae nyumbani! Aone mkono wa mke wangu, halafu aniambie tulikuwa salama.” Jumatatu watanipigia mimi, na wataniuliza jambo moja tu: je, ni kweli nilisema maneno yale?

Nilimwambia mkamwana faraghani kwamba nataka kusema kweli. Alishika mlango kwa mkono wake mzima. “Baba, nakuomba usiseme. Wewe hatakugusa, wewe ni baba yake. Mimi ataniuliza mdomo wangu ulikuwa wapi.” Nilimwambia kwamba mwanangu si mtu wa namna hiyo. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto, akasema, “Baba, wewe hulala mapema.”

Tangu hapo silali. Nikisema kweli, sijui kitakachompata mke wa mwanangu. Nikinyamaza, binti wa watu, aliyeniamkia vizuri na kuniuliza mara mbili kama nina uhakika, atapoteza kazi kwa ajili ya adabu yangu.

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaoifahamu nchi hii kuliko mimi, Jumatatu niwajibu nini? Samahani kwa kuwasumbua, lakini msikawie. Ninapoandika haya nimefunga mlango wa chumba changu, na huko sebuleni mwanangu anamtaka mkewe aeleze upya, tangu gari lilipozimika, ni nani aliyesema nini. Amemuuliza tena. Simsikii akijibu.