Moto wa Mwezi wa Saba

Chikage hakuwa mtu mbaya, na hilo niliseme kabla hamjamweka mdomoni. Ni mke wa fundi wa milango ya karatasi katika mji wetu mdogo wa milimani. Kila jioni alipika huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chai, na video zake zikatazamwa na watu wa ng'ambo wanaopenda katuni za Kijapani. Wakiona tonge la wali kwenye katuni, humuuliza Chikage linafinyangwaje. Naye hujibu kwa furaha, maana nyumbani hakuna aliyemuuliza lolote. Mumewe, Yoshinari, ni mtu wa "ehe" na "haya".

Mwaka huo katuni moja ilionyesha tango lenye miguu ya vijiti limesimama mlangoni. Maswali yakamiminika: ni mdudu gani huyu? Chikage akacheka mpaka machozi. Ni farasi, akawaambia, wa kuwaleta marehemu nyumbani mbio wakati wa sikukuu ya Obon. Biringanya ndiyo ng'ombe wa kuwarudisha polepole, kwani nani ana haraka ya kuwaacha wanawe? Mashabiki wakataka waone mambo yote, tena mapema, ili nao wajaribu kwao.

Obon yetu ni mwezi wa nane. Chikage akarekodi mwezi wa saba. Angeonyesha tango akaishia hapo, nani angemlaumu? Lakini wapi! Aliwasha mabua makavu getini, moto wenyewe wa kuwaita wafu, akachuchumaa, akaunganisha viganja, na ili mashabiki wasikie inavyosemwa akatamka: "Mama, karibu nyumbani. Pita huku." Kisha akazima simu, akaumwagia moto maji, akala vitumbua vya mchele alivyomwandalia mgeni, akaenda zake dukani.

Mama aliyemwita ni Kiwa, mkwewe, aliyefariki wakati wa theluji. Hii ndiyo Obon yake ya kwanza. Marehemu wa mwaka wa kwanza bado ni mgeni wa njia, hata hutundikiwa taa nyeupe imwongoze. Chikage alilikumbuka hilo akiwa kwenye foleni ya kununua tofu.

Ile video ikapendwa kuliko zote, na kila sifa ikamchoma. Akilini alimwona Kiwa amesimama getini mbele ya majivu yaliyolowa, hana taa, hana hata kikombe cha chai. Kiwa huyo huyo aliyemkanda mgongo alipojifungua! Alitaka kumwambia mumewe, lakini kila akifungua mdomo aliishia kuuliza kama aongezewe supu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Chikage hakuomba pole ya mtu.

Siku yenyewe ikafika. Alitundika taa nyeupe, akapanga mabua, akamwita Yoshinari awashe, maana mwana ndiye hualika. Yoshinari akaitazama taa ile, asitoe kiberiti.

"Ya nini hiyo?" akauliza. "Mama yumo ndani tangu mwezi uliopita."

Yoshinari akasimulia polepole, kama mtu asiyezoea maneno mengi. Siku ile alikuwa karakanani nyuma ya nyumba, akamsikia mkewe akimwita mama. Alipotoka alikuta majivu yanafuka moshi na mwenyeji hayupo. Ikabidi yeye amwambie mama apite ndani. Tangu hapo kila alfajiri humwekea chai na wali mbele ya picha yake, kisha huvila mwenyewe kabla Chikage hajaamka.

"Mbona hukuniambia, baba Sayo?"

"Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe," akasema Yoshinari. "Hata mama alikuwa anasubiri."

Akainama, akawasha moto kwa ajili ya marehemu baba yake na mababu. Moshi ulipopanda akamgusa mkewe bega.

"Sogea kidogo, wazee wapite."

Chikage akasogea, asijue aweke wapi macho yake.