Siku Nilipowavisha Watoto Fulana za Kampeni

Aibu hii nimejaribu kuificha hadi nikachoka, na kwa kuwa picha zake bado zinazunguka kwenye simu za watu wa Runyenjes, heri niisimulie mimi mwenyewe, mjue na yale ambayo picha hazikuonyesha.

Hapa kwetu naitwa Mama Wawira, kwa jina la binti yangu, lakini kuna watu tisa ambao jina hilo hawalijui kabisa, wao wananiita Cucu, yaani nyanya. Ni watoto ninaowalea mchana hapa nyumbani mama zao wakiwa kazini. Wengi wa mama hao wanachuma chai, wawili wanauza ndizi sokoni, mmoja ni mwalimu. Wananiletea watoto mapema, mwingine bado amelala mgongoni kwa mamake, nami nashinda nao hadi jioni. Kabla sijaanza kazi hii, mtoto alikuwa akienda na mamake kwenye majani chai, analazwa juu ya gunia kati ya mistari na umande wote ule, au anafungiwa nyumbani na dadake wa miaka saba. Nawaambia haya ili mkisikia nilivyobabaika msinicheke sana (mtanicheka, najua, lakini basi mcheke kwa huruma).

Kilichonibabaisha ni karatasi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kila nyumba inayolea watoto lazima ikaguliwe na ipewe kibali, na isiyo na kibali itafungwa. Nikapewa fomu, nikaijaza vizuri mpaka nikafika mahali walipouliza msaidizi wangu ni nani, kwa sababu mtu mmoja haruhusiwi kukaa na watoto tisa peke yake. Msaidizi sikuwa naye. Nikaandika Wawira. Wawira ameolewa mbali, Kibirichia, analima waru, yaani viazi, huko, na mara ya mwisho kumbeba mtoto wa hapa kwangu ilikuwa Krismasi. Nikajiambia afisa wa ukaguzi akija nitasema ametoka kidogo kwenda dukani (na kwani Kibirichia hakuna maduka?).

Mtaniuliza, na mume wako je? Hapo ndipo penye maneno.

Baba Wawira aligombea uwakilishi wa wodi uchaguzi uliopita, bila chama, na alama yake ilikuwa birika. Alipata kura mia moja na arobaini na mbili, na ukoo wetu peke yake unazidi hiyo idadi. Tangu siku hiyo mume wangu hakukanyaga tena mjini. Maziwa alianza kuyatuma kwa mkono wa jirani, kanisani alihama kiti cha mbele akaenda kukaa karibu na mlango, na akitaka kufika mahali anapita katikati ya mashamba ya kahawa ya watu ili asikutane na mtu barabarani. Mchana kutwa yuko nyuma ya zizi na ng'ombe wake na miche yake ya avokado. Hakuwa mkali, hata hakulalamika, alikuwa tu amenyamaza, na mimi kunyamaza kwake kulinikata moyo kuliko zile kura.

Zilibaki katoni nne za fulana. Mbele kuna uso wake, anacheka meno yote nje, na chini yake maandishi makubwa MTU WA KAZI. Nyuma kuna birika. Aliniambia nizichome zote, hataki kuziona tena maisha yake. Mimi nikashindwa kuuchoma uso niliofunga nao ndoa, nikazisukuma chini ya kitanda, nikamwambia zimekwisha kuwa majivu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko, na afisa alikuwa amesema atafika saa nane mchana. Watoto wangu walikuja wasafi kabisa, lakini kulikuwa kumenyesha, na udongo wetu huu mwekundu mnaujua, kufikia saa tatu kila mmoja alikuwa ameukalia na kuupaka na mwenzake. Mwenye akili angewapangusa magoti na mikono akatulia, kwa maana afisa anakuja kukagua choo na jikoni, haji kukagua soksi. Mimi nikaona la, leo wataoga wote na kila nguo itafuliwa. Jua lilikuwa zuri. Nikawavua wote tisa, nikawaogesha wawili wawili kwenye beseni, nikafua hadi chupi, nikaanika ua mzima ukajaa, na nikasimama pale mikono kiunoni nikijisifu. Nguo za kubadilisha hazikuwepo, kwa sababu mwezi uliotangulia nilikuwa nimewakataza mama zao kuzileta baada ya wawili kugombania sweta.

Saa tano kasoro simu ikalia. Afisa, sauti ya msichana mpole tu, akasema amemaliza mapema kule alikokuwa, yuko hapa mjini na anapanda boda boda, nimsubiri. Nikaenda kwenye ua nikaminya kisuruali kimoja, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikageuka. Watoto tisa uchi wa mnyama wanakimbizana kuzunguka ng'ombe, mmoja amejifunga kitambaa changu cha meza.

Sikufikiria. Miguu ndiyo ilinipeleka chumbani, na mikono ikavuta katoni. Fulana zenyewe ni za watu wazima, kwa hiyo zikawafika miguuni kama kanzu za makasisi, nikachana nyuzi za migomba nikawafunga viunoni wasijikanyage. Nilitaka kuzigeuza ndani nje ule uso usionekane, lakini nilipomaliza kufunga wa tisa nikasikia pikipiki inapiga honi barabarani, nami nilikuwa nimeacha lango wazi ili mgeni asihangaike.

Watoto wangu wanapenda pikipiki kuliko uji. Wakatoka wote mbio, nami nyuma yao na sabuni mkononi. Marigu, ambaye ana miaka minne na ndiye mkubwa wao, alipoona watu waliokuwa njiani kwenda sokoni wamesimama kumtazama, akaanza kuimba. Na wimbo ni upi? Hapa lazima nikiri jambo jingine. Wakati wa kulala mchana mimi huwaimbia, na nyimbo za watoto sizijui nyingi, ule wa kampeni ndio ulinikaa kichwani, kwa hiyo ndio wanaolalia kila siku, kwa sauti ya chini mwenyewe asiusikie huko zizini. Marigu akauliza, birika limechemka, nani atatumiminia? Na wale wengine, hata wasiojua kusema maji, wakaitikia kwa nguvu zao zote, mtu wa kazi.

Basi hapo barabara ikasimama. Akina mama wenye mikungu ya ndizi wakaitua. Waendesha boda wakaanza kupiga honi kwa mpigo wa wimbo (wale wale ambao hawakumpigia kura hata mmoja), simu zikatolewa kila mahali, na mzee mmoja akaniuliza kama Mheshimiwa amerudi debeni na kama fulana zimebaki za saizi yake. Nilikamata mtoto mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wa tatu akaingia katikati ya miguu yangu, wale sita wakaendelea na msafara.

Afisa akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa msichana mdogo tu, miwani, faili kifuani, aliyeniambia baadaye anaitwa Kendi. Alimtazama mtoto mmoja, akamtazama wa pili, akasoma kifua cha wa tatu. Nikajaribu kumweleza habari ya matope na beseni, lakini honi zilikuwa nyingi na nadhani alichosikia ni beseni tu.

"Mama, hawa watoto wanafanyia nani kampeni?" akaniuliza, na hakuwa anacheka. "Unajua hiyo peke yake inatosha nikufungie leo?"

Niliona nyuso za wale mama zao mbele yangu, mmoja mmoja, na nikaona lile gunia kati ya majani chai. Afisa akafungua faili, akasoma kidogo, akasema haya, na huyu msaidizi wako Wawira yuko wapi, mbona uko peke yako na watoto tisa barabarani?

Kabla sijafungua kinywa, kelele zikakatika. Watu wakapisha njia. Baba Wawira alikuwa ametokea kwenye mashamba ya kahawa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, amesimama, na mbele yake kuna nyuso zake tisa zinamchekea. Kwa mwaka na zaidi alikuwa amewakwepa watu hawa, na mimi ndiye niliyewakusanya wote mlangoni pake, na juu ya hayo nikamwonyesha kwamba majivu niliyomwambia yalikuwa uongo. Nilimwonea haya mpaka nikatazama chini. Kibali nilikisahau kabisa kwa dakika hiyo.

Watoto hawakujua hayo. Wakapiga kelele ya Guka, yaani babu, wakamkimbilia, na Mugo, mdogo kuliko wote, ambaye amejifunza kutembea juzi, akakanyaga fulana yake akaanguka kifudifudi. Baba Wawira akatupa mzigo. Akamwinua, akampangusa pua, akalivuta pindo la fulana akalifunga fundo begani kwa mtoto, pole pole, uso wake mwenyewe ukikunjika mle kwenye fundo.

"Mheshimiwa, si utuambie kama unasimama tena," kijana mmoja wa boda akamchokoza.

"Apana," akasema. "Hawa hawana kura, ndio maana tunasikizana."

Watu wakacheka, na kilikuwa kicheko kizuri, nilikisikia kwa masikio yangu. Yeye mwenyewe akatabasamu kidogo. Afisa hakuwa na habari na hayo, akarudia swali lake la Wawira, nami nikaanza kusema ametoka kidogo kwenda...

"Wawira ako Kibirichia," mume wangu akanikatiza. "Hata hajui kama ameandikwa hapo. Madam, futa hiyo jina, uandike yangu."

Afisa akamtazama kuanzia buti zenye samadi hadi kofia. Akamuuliza, bila dharau lakini bila kumwonea huruma, anajua nini kuhusu watoto hawa. Nami nilikuwa nataka kujibu kwa niaba yake, kwa sababu niliamini hajui lolote, kwani siku zote yuko nyuma ya zizi na mgongo wake kwetu.

Mume wangu akamwambia kwamba Mugo halali ila amebebwa na mtu anayetembea, ukikaa tu anaamka. Akamwambia kwamba yule mtoto wa mwalimu akinywa maziwa anapata vipele, anapewa uji mtupu. Akasema wale pacha wawili, mmoja hulia akisikia radi na mwingine hulia akiona mwenzake analia, kwa hiyo unanyamazisha yule wa kwanza peke yake. Akasema Marigu hujificha kwenye ghala la mahindi mamake akichelewa, na kwamba amewahi kukaa naye humo, wote wawili kimya, mpaka mama akafika. Hilo la ghala mimi sikulijua. Nilidhani siku zile Marigu alikuwa akicheza.

Nikalia. Siwezi kusema vingine, nililia barabarani siku ya soko na sabuni mkononi, na hiyo ndiyo picha inayozunguka zaidi.

Afisa alikagua choo, akakagua jikoni, akahesabu magodoro. Akaniandikia masharti yake, lango liwe na komeo la juu, kila mtoto awe na nguo za kubadilisha, na zile fulana zisionekane tena kwa mtoto yeyote. Kisha akakata jina la Wawira kwa mstari mmoja, akamuuliza mume wangu majina yake kamili. Kibali kilitoka wiki ya tatu baada ya siku hiyo, na kina majina mawili. Fulana zenyewe nilimkabidhi Baba Wawira ili azichome kwa mkono wake. Alichoma katoni tatu. Ya nne ameikata vitambaa vya kupangusia wanaokula uji, na uso wake umeshapakwa uji wa wimbi mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Wawira nilimpigia simu kuomba msamaha, akacheka hadi ikakatika. Kuhusu kufua nguo za watu nikiwa na mgeni njiani, hilo nimeapa na halitarudiwa. Lakini kinachonichoma mpaka leo si zile honi wala zile picha. Mwaka mzima nilitafuta wa kunisaidia, nikaenda na kalamu yangu hadi Kibirichia, na mtu aliyekaa kimya ndani ya ghala akimshikia mtoto wa wenyewe mkono alikuwa hapa hapa, na sikumuuliza hata siku moja. Sasa namuuliza kila asubuhi, hata mambo ambayo nayajua.